Kubuni pampu ya pistoni inayofungika na kufunguka kwa urahisi: hatua kwa hatua

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Siti ya valvu (kikalio ambacho valvu hukikalia ikijifunga) imegoma kutoka, nifanyeje? Pakingi mpya (pete za kuzuia maji yasivuje) inavuja siku ileile niliyoifunga, kwa nini? Nitaifikiaje nati ya glandi, ile inayoibana pakingi, bila kushusha mota? Kila ninapoulizwa naomba kwanza kuuona mchoro, na mara nyingi kosa nalikuta humo, limekaa tangu kabla fundi hajashika spana. Aliyechora aliwaza jinsi pampu itakavyosukuma maji. Siku ya kuifungua hakuiwaza.

Mwongozo huu ni wako wewe unayebuni pampu yako ya kwanza ya kwenda na kurudi, iwe ya pistoni au ya plunja (fimbo nene, laini, inayosukuma maji badala ya pistoni), au unayetaka kurekebisha mchoro wa pampu iliyopo. Hesabu za mtiririko na nguvu ya krenki tuziache kwa leo. Kazi yetu hapa ni moja: kila kipuri kiingie bila kulazimishwa, na kinachoisha mapema kitoke bila kukisumbua kilicho kizima.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Mchoro wa mkato wa pampu nzima, uliochapishwa kwa ukubwa wake halisi. Kwenye skrini kila kitu kinaonekana kina nafasi. Karatasi unaweza kuiwekea spana juu yake ukaona.
- Orodha ya vipuri vyote hadi washa ya mwisho, pamoja na uzito wa kila kimoja.
- Urefu wa mwendo wa plunja, kipenyo chake, presha ya juu kabisa, na aina ya majimaji yatakayopita. Maji safi na maji yenye mchanga hayali vipuri kwa mpangilio mmoja.
- Spana na soketi zilezile atakazotumia fundi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), vernia kalipa na fila geji (visahani vyembamba vya kupimia pengo).
- Maboksi, vipande vya mbao na bomba la plastiki kwa ajili ya kielelezo.
- Pampu kuukuu yoyote ya kufungua. Kama hujawahi kubadilisha pakingi kwa mikono yako, ifungue hiyo kwanza, uifunge tena, ndipo urudi kwenye mchoro. Hakuna maelezo yatakayokufundisha kama saa mbili hizo.

Hatua ya 1: Panga vipuri kwa jinsi vinavyoisha

Chukua orodha yako uipange upya, kinachoisha mapema kikiwa juu. Kwenye pampu nyingi za plunja pakingi ndiyo inayotangulia. Baada yake ni valvu na springi zake, kisha siti za valvu, plunja yenyewe au laina ya silinda, na oilsili. Bushi za krosihedi (kitelezi kilicho kati ya konrodi na fimbo ya plunja) na beringi huja mbali zaidi, na krenki ni ya mwisho. Ukisukuma maji yenye mchanga, valvu na plunja zitapanda juu, pengine zikaipita hata pakingi.

Sasa, kando ya kila kipuri, andika idadi ya vitu vinavyopaswa kutoka kabla hujakigusa. Hesabu kila bolti na kila bomba. Namba hizo zinatakiwa ziwe ndogo juu ya orodha na kubwa chini. Ukikuta pakingi inadai vitu 14 na beringi inadai 6, acha mengine yote, rudi kwenye mpangilio wa pampu. Hakuna chamfa (ukingo uliokatwa mshazari) wala bolti nzuri itakayoiokoa.

Mfano bora ninaoufahamu uko kwenye pampu za mkono za visima. India Mark II ina bomba jembamba kuliko silinda yake, kwa hiyo kubadilisha sili za pistoni kulimaanisha kung'oa bomba zote kutoka kisimani. India Mark III ilipanuliwa bomba, na pistoni pamoja na futi valvu (valvu iliyo chini ya silinda) vikaweza kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba lililobaki mahali pake. Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 ili wanakijiji waitunze wenyewe, ilifuata njia hiyohiyo na kwenda mbali zaidi: fimbo zake zimeunganishwa kwa ndoano, bushi zake za plastiki zinaingia kwa mkono, na kazi nzima inahitaji spana moja na chombo cha kuvulia futi valvu. Ni uamuzi wa kipenyo cha bomba tu, lakini uliamuliwa na mtu aliyejiuliza ni kipi kitakachoisha kwanza.

Hatua ya 2: Tenganisha upande wa maji na upande wa oili

Pampu ya plunja ina nusu mbili zisizopatana: moja ina majimaji na presha, nyingine ina krenki, konrodi na oili. Weka chumba kilicho wazi kati yake, penye fimbo inayounganisha krosihedi na plunja. Chumba hicho kikupe mambo matatu.

Kwanza, mkono uingie. Pili, pakingi ikivuja, maji yadondoke mahali yanapoonekana na yatoke kwa tundu lililo chini kabisa, kabla hayajafika kwenye oilsili. Weka na sahani ya kurushia maji kwenye fimbo; ni kipande cha mpira tu chenye tundu katikati, lakini kinazuia maji yasitambae juu ya fimbo hadi kwenye oili. Tatu, upande wa maji uweze kuondolewa wote bila kumwaga oili hata tone.

Angalizo: wanaoanza hupenda kufupisha chumba hiki ili pampu iwe ndogo. Pampu inapungua sentimita kumi, na kila atakayebadilisha pakingi analipa kwa vifundo vya vidole. Usifupishe hapa.

Hatua ya 3: Ipe plunja njia ya kutokea

Hatua hii ndiyo inayokosewa kuliko zote, kwa hiyo tuifanye kwa namba.

Tuseme plunja ina urefu wa mm 200 na mwendo wa mm 80. Krenki ikiivuta hadi mwisho wa nyuma, mm 60 zinabaki ndani ya sanduku la pakingi na mm 140 ziko nje. Nati ya glandi inatokeza mm 35 nje ya sanduku.

Ili plunja itoke kwa kurudi nyuma ikiwa imenyooka, nafasi kati ya uso wa sanduku na uso wa fimbo ya krosihedi lazima ichukue mm 35 za nati, mm 200 za plunja, na mm 25 za vidole. Jumla ni mm 260. Mkia wa plunja uko mm 140 kutoka kwenye sanduku. Zinabaki mm 120, na huo ndio urefu wa kipande cha fimbo unachopaswa kukifanya kitoke peke yake. Kifunge kwa klampu ya nusu mbili kila upande. Fundi analegeza bolti nne kila klampu, anakitoa kipande, na plunja inarudi nyuma mikononi mwake. Krosihedi haijaguswa.

Usiishie hapo, angalia na mwisho wa mbele. Plunja ikisukumwa mbele mm 80, mkia unabaki mm 60 nje ya sanduku. Ondoa mm 35 za nati, zinabaki mm 25. Klampu yako imepanda juu ya mkia wa plunja kwa kiasi gani? Ikiwa ni mm 30, itaigonga nati ya glandi kwenye mzunguko wa kwanza kabisa. Kwa pampu hii nisingeruhusu klampu ipande zaidi ya mm 15. Na kumbuka kwamba nati hulegezwa kidogo pakingi ikiwa mpya, kwa hiyo pima ikiwa imetokeza zaidi, usipime ikiwa imekazwa hadi mwisho.

Kisha angalia pakingi yenyewe. Nati nzima pamoja na uzi wake ina mm 60. Ikifunguliwa na kusogezwa nyuma hadi kwenye klampu, kutoka mm 140 toa 15 za klampu na 60 za nati: zinabaki mm 65 wazi. Ndoano ya pakingi yenye shingo inayonyumbulika inaingia hapo, ya chuma kilichonyooka haiingii. Pakingi ya kamba inaweza kubadilishwa hivyo, plunja ikiwa mahali pake. Pete za umbo la V ambazo hazijakatwa haziwezi. Hizo zinaidai plunja itoke. Amua mapema utatumia ipi, maana nafasi inayohitajika ni tofauti.

Kama bajeti inaruhusu, tengeneza sanduku la pakingi liwe kipande cha kutoka, kama katriji. Fundi anatoa sanduku lililochakaa na kuingiza jingine lililokwisha kufungwa mezani, penye mwanga. Kwa pampu isiyoweza kusimama muda mrefu, mimi hulichagua hili hata kama linaongeza gharama ya kukereza.

Hatua ya 4: Valvu na siti zake

Kila valvu iwe na mfuniko wake. Kuna mpangilio unaoziweka valvu ya kuvutia na ya kutolea kwenye tundu moja, ya kutolea ikiwa juu. Unapunguza vyuma na unapendeza kwenye mchoro, lakini ya kuvutia haifikiwi mpaka ya kutolea itoke pamoja na siti yake. Ukilazimika kuutumia, hakikisha siti ya juu ina tundu linalopitisha valvu ya chini bila kukwaruza.

Siti zina njia mbili. Ya kwanza ni siti ya mshazari inayogongwa ikabana kwenye mwili wa pampu. Inafaa kwa presha kubwa, lakini kila saa ya kazi inaikaza zaidi, na bila pula haitoki. Ukiichagua, weka mfereji au ukingo ndani ya siti ambao kucha za pula zitashika, na uchore pula hiyo pamoja na pampu. Siti laini ndani isiyo na pa kushika itakuja kukatwa kwa tindo au kwa moto, na mwili wa pampu utapata jeraha.

Njia ya pili ni siti inayoingia kwa mkono, ikiwa na o-ringi yake (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), ikashikiliwa na kizimba kinachoizunguka valvu, ambacho nacho kinabanwa na mfuniko. Ukifungua mfuniko vyote vinafuatana kutoka. Kwa presha ndogo na ya kati nashauri hii bila kusita. Sharti lake ni kwamba mnyororo wa siti, kizimba na mfuniko ubane kweli: mfuniko ukikaa kwenye mwili wa pampu kabla haujakibana kizimba, siti itacheza na kujitafuna. Weka washa ya springi au gasketi laini inayobonyea, ili vipuri hivyo vikitofautiana urefu kidogo pasiharibike kitu.

Fanya valvu ya kuvutia na ya kutolea ziwe za aina moja. Stoo inabaki na kipuri kimoja badala ya viwili. Springi ndizo zinazosumbua, kwa sababu ya kuvutia mara nyingi inatakiwa iwe laini zaidi; ukiweka ngumu, silinda haijai na pampu inaanza kugonga. Kama springi moja inaweza kutumika pande zote mbili, itumie. Kama haiwezekani, zitofautishe kipenyo, ili ya upande mmoja isikae kabisa upande wa pili. Rangi peke yake hufutika.

Angalizo: weka plagi ndogo ya kutoa presha upande wa kutolea, mahali inapofikiwa kabla ya mfuniko wowote. Presha hubaki imefungiwa kati ya valvu mbili hata mota ikiwa imezimwa. Na kwenye mchoro wa bomba usiweke koki kati ya pampu na valvu ya usalama, hata kwa nia njema ya kurahisisha matengenezo. Pampu hii ikizibiwa njia inaendelea kusukuma mpaka kitu kipasuke.

Hatua ya 5: Njia ya o-ringi

Niliwahi kuingiza slivu (bomba fupi la ndani) yenye o-ringi mbili kwenye silinda ya pampu niliyoichora mwenyewe. Iliingia vizuri, mkono haukuhisi chochote. Tulipoiwasha ilivuja. Tulipoitoa, ndani ya tundu la maji la pembeni palikuwa na kipande chembamba cha mpira mweusi, kimepinda kama ukucha uliokatwa. O-ringi ya mbele ilipita juu ya tundu hilo, ikatanuka kidogo na kuingia ndani yake, na ukingo mkali ukaichonga. Tulibadilisha o-ringi mara tatu kabla sijakubali kwamba fundi hakuwa na kosa.

Suluhisho ni silinda yenye ngazi. Fanya sehemu ya nyuma, inayopitiwa kwanza, iwe pana kuliko ya mbele. Kwa o-ringi ya unene wa mm 3 iliyobanwa kwa kawaida, tofauti ya mm 2 kwenye kipenyo inatosha: o-ringi ya mbele inapita juu ya matundu bila kugusa kitu, inaanza kubanwa ikifika kwake tu. Utakuwa na saizi mbili za o-ringi badala ya moja. Nazipendelea saizi mbili kuliko mpira uliochongwa.

Mengine ya hatua hii ni mafupi lakini yote ni ya lazima:

- Mlangoni weka chamfa ya nyuzi 15 hadi 20. Kwa o-ringi hiyo ya mm 3, chamfa ya urefu wa mm 3 inatosha. Chamfa ya nyuzi 45 ni ya kutoa ncha kali, haifai kuingizia o-ringi.
- Slivu ianze kuelekezwa na chuma kwa chuma kabla o-ringi haijabanwa. Ikibanwa kwanza, slivu inaingia upande na kukata.
- O-ringi mbili zisibanwe kwa wakati mmoja. Sogeza mfereji mmoja mm chache, mkono utasikia tofauti.
- Palipo na uzi njiani, hakikisha o-ringi au mdomo wa oilsili unapita juu yake bila kugusa. Ikishindikana, chora na kofia nyembamba ya kufunikia uzi wakati wa kufunga, uipe namba kama kipuri kingine.

Hatua ya 6: Bolti na nafasi ya spana

Tumia saizi chache. Pampu ndogo nzima inaweza kufungwa kwa M8 na M12 tu, yaani spana ya 13 na ya 19, au ya 18 kwa bolti zenye kichwa cha kiwango cha ISO. Kila saizi unayoongeza ni chombo kimoja zaidi cha kutafuta.

Weka soketi halisi juu ya mchoro. Soketi ya 19 ina kipenyo cha nje cha kama mm 26 au 27, kwa hiyo bolti iliyo mm 12 kutoka ukutani haitaipokea. Spana ya mdomo inahitaji mzunguko wa nyuzi 60 ili ishike pembe inayofuata, au 30 kama mdomo wake umepinda na fundi anaigeuza kila mara. Chora mzunguko huo kwa penseli. Kisha chora na spana ya toki, ambayo ni ndefu zaidi na ndiyo inayosahaulika.

Urefu wa uzi unaoshika: kwenye chuma cha pua uwe angalau sawa na kipenyo cha bolti, kwenye chuma cha kusubu mara moja na nusu, kwenye alumini mara mbili. Mfuniko unaofunguliwa mara kwa mara kwenye alumini au chuma cha kusubu uwekee stadi na nati. Uchakavu utaishia kwenye nati, ambayo ni rahisi kubadilisha, na stadi zitaubeba mfuniko wakati wa kuurudisha. Lakini stadi zinadai mfuniko usogee kwa urefu wake wote kabla haujatoka. Kama mbele pana ukuta, tumia bolti.

Bolti ya stenlesi kwenye uzi wa stenlesi hushikana na kugoma katikati ya njia. Andika kwenye mchoro kwamba ipakwe dawa ya kuzuia kugandana.

Hatua ya 7: Kisiweze kufungwa kinyume

Kipuri kiwe na ulinganifu kamili, au kisiwe nao hata kidogo. Kilicho karibu sawa pande zote ndicho kinachofungwa kinyume. Kifuniko chenye bolti sita chenye tundu moja la mafuta: sogeza bolti moja nyuzi chache, na hakitakaa ila kwa namna moja. Kofia ya konrodi igongwe namba sawa na konrodi yake, upande uleule, na pini ya kuelekeza isiwe katikati, kwa sababu kofia hukerezwa pamoja na konrodi yake na haibadilishwi na nyingine.

Pete za V za pakingi hazina jinsi ya kuzuiwa. Midomo yake lazima iangalie upande wa presha. Chonga alama ndogo ya V kwenye uso wa sanduku ikionyesha mwelekeo. Fundi ataisoma hata maandishi yakiwa yameliwa na kutu.

Hapa niseme neno kuhusu kupunguza vipuri. Wahandisi Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst waliyaeneza maswali matatu: kipuri hiki kinasogea jirani yake akiwa ametulia? Lazima kiwe cha malighafi tofauti? Lazima kitengwe ili vingine vifungike au vifunguke? Jibu likiwa hapana kwa yote, kiunganishe na jirani. Ni maswali mazuri, nayatumia. Ila usikubali yakuunganishie kinachoisha na kinachodumu. Siti iliyokerezwa moja kwa moja kwenye mwili wa pampu inapunguza kipuri kimoja kwenye orodha, na siku inapoisha, mwili mzima umeisha.

Hatua ya 8: Kutoa na kuinua

Kila mfuniko unaoingia kwa kubana uwe na matundu mawili yenye uzi, yakitazamana, ya bolti za kusukumia. Yawe saizi ileile ya bolti za mfuniko, ili fundi atumie zilezile alizozitoa. Pale ncha ya bolti inapotua, choma kishimo kidogo, ili alama ya bolti isiinue uso wa gasketi baadaye. Asipopewa matundu hayo atatumia bisibisi na nyundo, na uso wa gasketi utapata mtaro.

Kinachozidi kilo 20 hivi kiwekee tundu la jicho la kuinulia, juu ya kitovu cha uzito wake. Kikining'inia kimeinama, hakiingii.

Hatua ya 9: Upande wa oili

Huku hufunguliwa mara chache, kwa hiyo tupite haraka. Krenki ikiingilia ubavuni, tundu la ubavu lizidi duara linalochorwa na kona ya nje kabisa ya krenki ikizunguka. Kichwa kikubwa cha konrodi kipite mahali ulipokusudia kipite. Chora kikiwa njiani, usichore kikiwa kimefika tu. Weka mfuniko wa nyuma mpana kiasi cha kuingiza mikono miwili na spana ya toki. Shimu (visahani vyembamba vya kujazia pengo) za kurekebishia beringi ziwe nje, chini ya kifuniko cha beringi.

Plagi ya kumwagia oili iwe chini kabisa, na itokeze nje ya kitako cha pampu kwa kipande cha bomba. Isipotokeza, oili itamwagikia kwenye fremu kila mara. Kioo cha kuangalilia oili kiwe upande anaosimama mtu.

Hatua ya 10: Funga pampu ya maboksi

Tengeneza kielelezo cha ukubwa halisi kwa mbao, boksi na bomba la plastiki. Kisipendeze, kiwe sahihi kwa vipimo. Kizungushie kuta, mota na mkanda kama vitakavyokuwa. Kisha mwite mtu asiyeuona mchoro, mpe spana, mwambie abadilishe pakingi. Nyamaza.

Andika kila anaposimama kufikiri, kila anapobadilisha mkono, kila anapoweka kitu chini ili ashike kingine. Akihitaji mkono wa tatu, kuna kipuri kinachohitaji kishikio au pini ya kuelekeza. Akiuliza "hiki kinaelekea wapi?", rudi hatua ya 7. Mpe na glavu zenye oili, arudie.

Ikigoma: matatizo na mahali pa kutazama

*Pakingi mpya inavuja mara moja.* Angalia mwelekeo wa midomo kwanza. Kama ni ya kamba, angalia kama maungio ya pete yamepishanishwa. Yakifuatana kwenye mstari mmoja, maji hupita hapo. Vyote vikiwa sawa, tazama mlango wa sanduku: chamfa fupi huikunja pete ya kwanza.

*Nati ya glandi inafikiwa lakini haizunguki.* Mara nyingi fimbo za kushikilia ziko karibu mno na spana. Badilisha nati iwe na matundu ya pembeni na izungushwe kwa pini, badala ya kusogeza fimbo.

*Oili imekuwa nyeupe kama maziwa.* Maji yameingia. Kagua tundu la chini la chumba cha kati kabla ya kulaumu oilsili. Tundu lililoziba hujaza chumba hadi maji yafikie fimbo. Likiwa chini ya mm 12, lipanue.

*Mfuniko umekazwa lakini siti inagonga.* Mnyororo wa siti na kizimba ni mfupi. Bila gasketi, pima kwa fila geji pengo kati ya mfuniko na mwili wa pampu, kizimba kikiwa kimebanwa. Pasipokuwa na pengo, mfuniko ndio unaokaa kwanza.

*Plunja inatoka ila kwa kuinamishwa.* Urefu wa kipande cha kutoka haukuhesabu nati ya glandi. Kama huwezi kukirefusha, fanya nati iwe ya nusu mbili, itoke kabla ya plunja. Plunja ya kauri usiinamishe hata kidogo. Ikigusa ukingo wa sanduku hupasuka kipande, na ukingo huo uliovunjika utakata kila pakingi utakayoiweka baadaye.